Walioniita Kaka

Nilisoma miaka sita katika nchi ambayo, nilipofika Maskati kutafuta kazi, ilikuwa haipo tena. Nilitoka Unguja nikiwa msichana mdogo, kwa msaada wa masomo, nikapelekwa Leipzig, Ujerumani ya Mashariki, kusomea uchumi na siasa za nje. Nikiwa huko wazee wangu wakahamia Oman kwa jamaa zetu waliotangulia, na nilipomaliza nikawafuata. Miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza. Ujerumani mbili zimeshaungana, na mimi nimeshika cheti chenye muhuri wa dola iliyofutwa.

Karani wa kwanza niliyempelekea alikigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

"Hii nchi iko wapi?"

"Imeungana na mwenzake."

"Basi nenda kwa huyo mwenzake akupigie muhuri wake."

Huyo mwenzake akanijibu, kwa adabu nyingi, kwamba masomo yangu hayatambuliki, maana yalifundishwa kwa mtazamo wa chama kimoja. Sikatai, upuuzi ulikuwamo, tena mwingi. Lakini kuna jambo moja nililolipata kule ambalo sijalipata pengine popote, nalo ni kusoma gazeti kwa kutafuta lisilosemwa. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kijerumani, alikuwa akinunua gazeti la chama kila asubuhi na kulianzia ukurasa wa mwisho. "Wiki hii hawakuandika chochote kuhusu makaa ya mawe," alisema siku moja ya baridi kali. "Kwa hivyo makaa hayapo." Wiki ile tulilala na makoti.

Kijerumani ndicho kilichonipatia riziki hatimaye. Kampuni moja ya vipuri vya magari katika mtaa wa Ghala ilikuwa inaagiza mali Ujerumani na hapakuwa na mtu wa kuwasoma wale Wajerumani. Nikawekwa kwenye chumba kidogo juu ya ghala, chini wanapakua mikanda na vichujio vya mafuta, na kazi yangu ikawa kueleza kwa Kiarabu na Kiingereza kwa nini kiwanda fulani kimechelewesha shafti za gia. Nilikuwa nalipwa vizuri. Sikuwa na la kulalamikia, na ndivyo kila mtu alivyoniambia.

Nikaolewa na mhandisi wa barabara, mzaliwa wa Unguja kama mimi, aliyesoma Misri. Tukazaa watoto, tukajenga Ansab wakati viwanja vitupu bado ni vingi kuliko nyumba. Mume wangu alikuwa mpole, mcheshi, hakuwahi kuniinulia sauti. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za mume mbaya.

Kila Alkhamisi baada ya magharibi alikuwa na barza. Walikuja rafiki zake, wote watu wa kwetu, wakakaa kwenye majlisi, wakanywa kahawa na kuzungumza dunia. Mkubwa wa mazungumzo alikuwa bwana mmoja aliyekaa London miaka mingi kabla ya kuhamia Madinat Sultan Qaboos, kwenye mtaa wenye Wazungu wengi. Likitajwa jambo lolote la Ulaya, wengine walimgeukia yeye. Naye aliwapa: Wafaransa wako hivi, Wajerumani wako vile. Nilikuwa nasikia nikipita na sinia. Mara nyingi alikuwa amekosea. Si makosa makubwa, makosa ya mtu aliyeiona Ulaya kwa dirisha la basi. Mara moja nilisimama mlangoni nikasema Ujerumani haichagui mkuu wa serikali kwa kura ya moja kwa moja, bunge ndilo linalomchagua. Mume wangu akatabasamu. Yule bwana wa London akasema, "Ahsante, shemeji," akaendelea pale pale alipoachia.

Kazini ndiko nilikoweza kusema. Pale Ghala tulikuwa na mhasibu wa Kikenya, dada mmoja mcheshi, Mkristo, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani huku akijumlisha. Saa ya chakula tulikuwa tukila pamoja. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulipozipokea nchi kumi kwa mpigo, nilimweleza kwa nini vijana wa Poland watamiminika Uingereza, na kwa nini Waingereza watakuja kulia baadaye ingawa wao wenyewe ndio waliofungua mlango. Akaweka kijiko chini.

"Madam, hii maneno yote unaniambia mimi peke yangu, kwani mimi ni nani? Si uanzishe blogu?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kama gazeti, lakini lako. Unaandika, unabonyeza, watu wanasoma. Wakenya na Wabongo kibao wanafanya siku hizi."

"Kwa Kiswahili? Habari za Ulaya?"

"Kwani Wazungu wamekosa watu wa kuwaandikia?"

Alinifungulia yeye mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisi, mwenye kampuni akiwa safarini. Nikachagua jina la kubuni, neno moja tu lisiloonyesha kabila wala jinsia. Sikusema mimi ni mwanamume na sikusema mimi ni mwanamke. Hilo wasomaji waliliamua wenyewe, tena siku ya kwanza.

Niliandika kuhusu sheria ya Ufaransa ya kuwakataza wasichana kuvaa hijabu shuleni. Mahali pengine pote watu walikuwa wanatukana au wanatetea. Mimi nikaeleza ugomvi wa zamani wa Wafaransa na mapadri wao, na jinsi silaha iliyofuliwa kwa ajili ya kanisa ilivyoelekezwa kwa watoto wa wahamiaji. Wafaransa walipoikataa katiba ya Ulaya kwa kura, nikaandika kwamba wengi wao hawakuwa wamechukizwa na katiba, wengi hawakuisoma hata ukurasa. Walikuwa na hasira na wakubwa wao, na kura ile ndiyo fimbo iliyokuwa karibu. Niliandika kuhusu Uturuki inavyowekwa barazani bila kuambiwa ingia wala nenda zako. Nilikuwa nasoma magazeti ya Kijerumani asubuhi kabla ya kufungua barua za viwanda, na nilisoma kama nilivyofundishwa Leipzig, kwa kutafuta kilichorukwa.

Wasomaji wakaja. Si wengi, lakini walikuja na wakarudi. Mwanafunzi mmoja wa Dodoma alikuwa na swali kila wiki. Muuguzi wa Kitanzania aliyekuwa Denmark alinieleza mambo ya huko ambayo magazeti hayaandiki. Mtu wa Mombasa aliandika: "Kaka, wewe lazima ni balozi mstaafu." Kaka, bwana, ustadh, mkuu. Kwa muda mrefu nilikuwa sijafurahi vile.

Kisha siku moja ya Alkhamisi, nikiwa ukumbini na sinia la vikombe, nikasikia sauti ya mume wangu inasoma. Ilinichukua muda kutambua kwamba anayasoma maneno yangu. Mmoja wa rafiki zake, mfanyakazi wa benki, alikuwa ameiona blogu, akaichapa kwenye mashine ya ofisini kwake na kuja na karatasi. Mume wangu alikuwa na sauti nzuri ya kusomea. Alipofika pale pa fimbo iliyo karibu akacheka, akarudia sentensi ile.

"Huyu jamaa anaijua Ulaya," akasema yule wa benki.

"Mimi nnamjua," akasema bwana wa London. "Kijana wa Kiunguja, tulikuwa naye London. Akifanya kazi redioni. Uandishi wake ule ule."

Niliingia, nikaweka sinia, nikatoka.

Sikumwambia mume wangu usiku ule, wala wiki iliyofuata, wala mwaka uliofuata. Watu wameniuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba kila Alkhamisi nilikuwa nasikilizwa ndani ya nyumba yangu, na nilijua hali ile haitadumu.

Haikudumu. Zilipozuka zile picha za gazeti la Denmark za kumkejeli Mtume, barza iliwaka moto kama kila mahali. Mimi pia nilikuwa na uchungu, ni Mtume wangu pia. Lakini niliandika kwamba serikali ya kule ilikuwa inasimama kwa kura za chama kinachowachukia wageni, na kwamba hasira yetu ilikuwa inakineemesha chama kile kuliko kitu chochote ambacho kingeweza kujinunulia. Nikasema tukasirike, lakini tujue tunamlisha nani. Yule muuguzi wa Denmark ndiye aliyenisaidia kuielewa hesabu ya bunge lao. Mume wangu aliisoma yote kwa sauti. Bwana wa London mwenyewe akasema, "Inauma, lakini kasema kweli." Wakazungumza juu ya makala ile mpaka adhana ya isha.

Siku chache baadaye gari langu likaharibika, mume wangu akaja Ghala kunichukua. Mhasibu alikuwa mlangoni. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na sijawahi kumlaumu.

"Shemeji, umeisoma hiyo ya Denmark? Madam amewapa, si mchezo!"

Mume wangu akaniangalia. Aliniuliza tulipofika barabara kuu.

"Tangu lini?"

"Karibu miaka miwili."

"Na muda wote huo mimi nnakaa nnasoma mbele za watu."

"Ulisoma vizuri."

"Usinifanyie mzaha. Ulikuwa unanicheka."

"Wallahi sikukucheka. Nilikuwa nnafurahi."

Akafikiri, taa zikatusimamisha, zikaturuhusu. "Mtu hawezi kufurahi peke yake hivyo," akasema, "ikawa hamcheki mwenzake."

Aliamua kuwaambia wenzake wa barza mwenyewe, kabla hawajasikia kwa wengine. Nilikuwa ukumbini. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka kwa namna ya watu waliotishwa na kitu halafu wakaona ni paka tu.

"Mimi nilihisi," akasema bwana wa London. "Palikuwa na kitu. Hisia nyingi."

Hakuna aliyemuuliza habari za yule kijana wa redioni.

Wakaanza kuifumua makala ya Denmark, ile ile waliyoisifu. Sasa ilikuwa na huruma za kike. Ilikuwa inawatetea makafiri kwa hila. "Mtu kasomeshwa na wakomunisti," akasema yule wa benki, "unatazamia nini?" Nilisimama nikingoja mume wangu aseme neno. Alikuwa anajua ninavyosali. Alikuwa anajua nilivyolia nilipoziona zile picha. Nilisikia anasogeza sahani.

"Chukueni tende," akasema.

Mtu fulani katika wao, sikuwahi kujua ni nani, akaandika chini ya makala yangu kwamba mwandishi ni mama wa nyumbani, mke wa mhandisi wa Ansab. Sikuwa mama wa nyumbani, lakini hilo halikuwa na maana tena. Maoni yakabadilika. "Dada, mumeo anajua?" "Chungu hakijaungua?" Mtu wa Mombasa aliyeniita balozi hakurudi. Hao niliwatarajia. Nisiyemtarajia alikuwa mwanafunzi wa Dodoma, ambaye maswali yake nilikuwa nayajibu kwa kurasa, wakati mwingine nikirudi kwenye vitabu vyangu vya zamani kwa ajili yake. Aliandika kwa heshima zote: "Samahani sana dada. Nilidhani wewe ni mtaalamu."

Nilimjibu. Nilieleza nilisoma wapi na nini. Nilipomaliza nikajiona niko tena mbele ya yule karani, nikafuta.

Mhasibu alitaka nifunge sehemu ya maoni. "Wapotezee hao. Andika tu."

Niliandika. Nusu kwa ukaidi, nusu kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na kichwa changu. Mwaka mzima na zaidi niliendelea, wasomaji wakiwa wachache, yule muuguzi akiwa mmoja wao, mpaka nikaona jambo la ajabu: sifa zinarudi. Barzani nako karatasi zikarudi. Nikapita na sinia nikasikia tena sauti ya mume wangu inasoma, na watu wanatikisa vichwa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mjinga kiasi cha kudhani wamenikubali.

Siku moja mume wangu akaniambia, tukiwa tunakunja nguo za watoto, "Mimi sikukatazi kuandika. Lakini ujue watu wananiuliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza kama mimi ndiye nnakuandikia."

Nilicheka, nikidhani ni kichekesho. "Na wewe unawaambiaje?"

Alikuwa ameshika kanzu ya mtoto, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Unawaambiaje?"

"Sisemi kitu. Nikikataa watadhani nnajidai tu. Wameshaamini. Bwana wa London kanambia, 'Yakhe, ungetwambia tu tangu mwanzo, kwa nini umtangulize mkeo?' Sasa nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba si wewe."

"Wewe unataka wakusome au hutaki?" Alisema kwa upole kabisa, kama anayenipa zawadi. "Wakidhani ni mimi, wanakusoma."

Ilikuwa kweli. Nilitafuta hasira nikaikuta iko mbali mno, imepoa, haina pa kushika. Angenipiga marufuku ningegombana naye, na pengine ningeshinda. Yeye aliniachia niandike, akalichukua jina tu. Tena hata hakulichukua, alipewa, akanyamaza.

Nikaacha kuandika. Sikuaga. Makala ya mwisho ilihusu Waailandi kuukataa mkataba mpya wa Ulaya, na niliahidi humo kwamba nitaeleza wakubwa watafanya nini baada ya hapo. Sikueleza. Mhasibu alikuwa ameshahamia Nairobi kwa mamake mgonjwa. Aliniandikia kwa barua pepe, "Madam, uko sawa kweli?" Nikamwambia kazi nyingi. Yule muuguzi naye aliandika, mara mbili, nikamwambia hivyo hivyo.

Barza ilingoja. Nilijua kwa sababu mume wangu alianza kuulizia. Kwanza kwa mzaha, "Mwandishi kalala?" Kisha, Waailandi walipoitwa kupiga kura tena juu ya mkataba ule ule walioukataa, akaja jikoni kabla ya wageni kufika, amevaa kanzu safi, ananukia udi.

"Kwa nini wanapiga tena?"

Nilikuwa namenya vitunguu. Nilijua kwa nini. Nilijua walichoahidiwa, nani aliahidi, na uchumi wao ulivyoporomoka katikati ya kura mbili hizo ukawatia hofu. Ningeweza kumweleza kwa sentensi tatu.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijafuatilia."

Nadhani alijua nasema uongo, na nadhani alijua kwa nini, maana hakuuliza mara ya pili. Akaenda kwa wageni wake. Baadaye nilimsikia akiwaambia kwamba ameshaacha kuandika, kazi za barabara zimemzidi, na umri nao. Wakamsikitikia. Yule wa benki akasema ni hasara kubwa kwa Waswahili. Kisha bwana wa London akawaeleza kuhusu Ailandi, kwa kirefu, akachanganya Ailandi ya kaskazini na ya kusini, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Blogu bado ipo, au ilikuwapo nilipoitazama mara ya mwisho. Nywila nimeisahau. Nikitaka kuifuta siwezi.

Tulikuwa katika duka kubwa Madinat Sultan Qaboos, muda si mrefu baada ya hapo, mimi nasukuma kigari na mume wangu anachagua matunda. Kijana mmoja mtanashati, mwenye lafudhi ya kwetu, akaja kumwamkia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye uliyekuwa ukituandikia habari za Ulaya? Baba yangu alikuwa akitusomea. Tumekukosa sana, wallahi."

Mume wangu akanitupia jicho. Nilisubiri. Hata wakati ule, baada ya yote, nilisubiri.

"Zamani hizo," akasema.

Kijana akamshukuru tena, akaniamkia na mimi, "Shikamoo mama," akaenda zake. Nikasukuma kigari mpaka kwenye samaki. Mume wangu akanifuata nyuma, na baada ya muda akaniuliza tununue samaki gani. Nikamwambia nguru.